Mnene Ameacha Kula

Jumatatu, 3 Machi
Mkia, samaki mmoja wa kwenye tangi, ana vidoa vyeupe. Nilidhani makombo ya chakula. Nikagonga kioo, akageuka, kumbe vimemganda mwilini hadi kwenye mapezi, kama mtu kamnyunyizia chumvi. Na anajikuna kwenye changarawe! Sikujua samaki hujikuna. Mwenzake, Mnene, mzima. Anakula kama ana mashindano.
Bwana wangu amepiga kutoka huko kazini kwake mbali. Swali la kwanza lilelile: wanangu hawajambo? Samaki wake hao. Mimi huulizwa baadaye, salio likibaki. Nikasema hawajambo wote.

Jumanne, 4 Machi
Nimeacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani, sindano juu ya kitambaa, nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Vijidudu, akasema, vinang'ang'ania ngozi. Kuna dawa ya bluu. Chumvi ya mawe kidogo. Maji yapashwe joto polepole, na ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo hadi ile dawa ya kusafishia maji iishe nguvu.
Nikamuuliza, watapona?
"Dada, wewe tia dawa."
Jibu gani hilo?

Ijumaa, 7 Machi
Mkia amekufa. Nimemkuta kanasa kwenye mdomo wa pampu, rangi yote imemtoka. Mnene naye kaanza madoa, nimezidi kutia dawa.
Wifi alikuwepo. Akasema si ninunue mwingine, kaka yake hatajua. Nikacheka. Kumbe hatanii! Kaka yake huyo anawajua samaki wake kwa mapezi. Mimi nilikata nywele zote, tukaongea kwa video tukionana uso kwa uso, hakuona kitu.

Jumapili, 9 Machi
Bwana hajapiga.
Madoa ya Mnene yamekwisha! Nimeimba jikoni, peke yangu, kama mwendawazimu.

Jumatano, 12 Machi
Nimefurahi mapema. Mnene ameacha kula. Tumbo limevimba, anaelea kaegemea ubavu. Nikachemsha njegere, nikamenya, nikaponda, nikamwekea mdomoni kabisa. Akatema.
Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akacheka—mama, mimi ni wa ng'ombe! Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akasema hajui samaki, ila mnyama akijaa maji mwilini, figo zimechoka. Nijaribu haluli, ile chumvi ya kusafishia tumbo, nimlaze humo kwenye beseni.
Nimemlaza. Nimekaa kwenye kigoda nikimtazama, yeye akinitazama.
Nikampigia Bwana mwenyewe. Inaita, haipokelewi.

Ijumaa, 14 Machi
Magamba yamesimama. Ukimwangalia kutoka juu ni kama kuku aliyetimua manyoya. Nikampigia muuza samaki. Yakishasimama, dada... Hakumalizia. Akaniambia nitafute mafuta ya karafuu. Matone machache tu kwenye maji, atalala, hataamka. Nimenunua. Chupa ipo kabatini nyuma ya nyuzi. Sijaifungua.
Jioni wifi. Hakai, hanywi chai, anasokota ncha ya mtandio. Nikamuuliza una nini.
"Wifi, kaka amerudi."
Nikainuka nikawashe jiko, apate chakula akifika! Akanishika mkono. Amerudi tangu mwezi uliopita. Yuko upande wa pili wa mji. Hakai peke yake.
"Kanituma nije nichukue samaki."
Samaki! Si nguo zake. Si vyeti vyake. Simu zote zile za kazi ya mbali, kumbe mtu yuko hapa hapa, tunanyeshewa mvua moja.
Nikamwambia wifi, mwambie aje achukue mwenyewe. Akalia yeye. Mimi nikamaliza kushona pindo la bibi harusi. Limenyooka, ajabu.

Jumamosi, 15 Machi
Amekuja. Na ndoo yenye mfuniko. Shati silijui, lakini vifungo kashonewa vibaya.
Hujambo. Sijambo. Basi. Akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akapiga magoti.
"Umemfanya nini?"
Nikamwambia anaumwa. Mkia keshakufa. Huyu haponi, na mafuta yapo ya kumpumzisha. Ni kama nimeongea na ukuta. Akakunja mikono ya shati.
Nikaja chumbani. Namsikia huko sebuleni. Anamimina maji, anayajaribu kwa kiwiko, wallahi, kama ya kuogeshea mtoto. Anaongea naye. Kula basi, baba. Kidogo tu.
Sasa analia. Hata tulipomzika mama yake hakulia, mimi nilisema hana machozi, ndivyo alivyoumbwa. Anayo. Anayo mengi!
Anaita. Nije nimshike Mnene, taratibu, yeye atie dawa. Anasema bado anapumua. Nimshike kwa mikono miwili, anasema.
Nimesimama. Nimekaa tena kitandani.
Anaita tena, sasa kwa jina langu, lile la zamani, la chumbani—