Mara Mia Tatu na Sitini

Jumatano, 2 Julai 2025

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye zizi la jirani, Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili. Miguu imevimba tena. Daktari wa moyo aliniambia mwezi wa nne nisipange mambo ya Krismasi. Sikupanga.

Leo makao yetu ya wazee yamepatwa na wazimu. Barua imekuja: ukaguzi Alhamisi ijayo, tarehe kumi. Matroni Vaileth ameisoma kwa sauti mbele ya wazee ishirini na tisa, nusu yetu hatusikii. Bwana Brayson, mwenye makao, amepanda kutoka mjini na madumu sita ya rangi nyeupe. Wanapaka ukuta wa mbele tu. Wa nyuma unatazama migomba, na migomba haijazi fomu.

Taarifa ya siku nane! Mpe mwizi wa kuku siku nane, polisi watakuta ameshaanza kufuga.

Najua ninachosema. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa afisa ustawi wa jamii, nikikagua nyumba za wazee mkoa mzima. Barua za namna hiyo nilikuwa naziandika mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Matroni amekaa barazani tangu saa mbili, karatasi mapajani, kalamu tatu za rangi tofauti. Nilijua kabla sijakaribia.

Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, mwili usije ukaoza upande mmoja. Kila akigeuzwa, mhudumu anaandika saa na kutia sahihi. Ndiyo kanuni. Chati za Juni zilikuwa tupu. Sasa zinajaa. Bluu ni zamu ya asubuhi, nyeusi jioni, kijani usiku. Sahihi zote zake. Kabla ya uji wa saa nne alikuwa amemgeuza Naftali mara mia tatu sabini na mbili bila kuinuka kitini!

Naftali analala kitanda cha pili, karibu na changu. Mmeru wa Akheri, mkulima wa kahawa, nyonga ilivunjika mwaka jana. Anageuzwa asubuhi na jioni, siku ambayo Simaloi yuko zamu. Simaloi ni mhudumu, mama wa watoto watatu, anapanda kwa miguu kila siku kutoka Ngaramtoni. Wako wahudumu wawili tu. Kidonda cha Naftali kiko chini ya kiuno, kimekula mpaka karibu na mfupa. Nesi wa zahanati alikiona Jumatatu, akasema apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Matroni sasa anasema baada ya ukaguzi. Hospitali wataandika kimetokea wapi.

Sasa niandike la aibu. Mia tatu sabini na mbili ukigawa kwa kumi na mbili ni thelathini na moja. Nikasimama nyuma yake na fremu yangu ya kutembelea, nikamwambia: Matroni, Juni haina tarehe thelathini na moja.

Akashtuka. Akacheka. Akachana karatasi. “Asante Babu Gerson! Ungeniua!”

Kwa nini nilisema? Si kwa kumpenda. Namdharau mwanamke yule kuanzia wigi mpaka kandambili. Nilisema kwa sababu sivumilii kazi chafu. Hata uongo naupenda unyooke.

Jumamosi, 5 Julai

Nimepandishwa cheo. Matroni ameniita ofisini, Brayson naye alikuwepo. Babu, tumesikia wewe ni mtaalamu, tusaidie kidogo.

Nikasaidia. Mungu wangu, nikasaidia! Nikawaambia ratiba ya chakula yenye nyama kila siku haiaminiki, waweke maharage Jumanne na Ijumaa. Nikawaambia daftari la malalamiko likiwa tupu mkaguzi atashtuka, kwa hiyo yawepo matatu, madogo. Nikayatunga mwenyewe. Chai haina sukari ya kutosha. Redio ina kelele. Blanketi la kijani linawasha. Chini ya kila moja nikaandika: limeshughulikiwa. Brayson akapiga meza. “Huyu mzee ni hatari!” Hajui kuandika sentensi mbili bila kusaidiwa na simu, lakini anamiliki watu ishirini na tisa.

Nilipewa chai ya maziwa matupu. Sijainywa tangu Pasaka. Niliona raha, lazima niandike. Nilijiona mtu.

Naftali alinisubiri niketi.

“Umeandika malalamiko ya nani, afisa?”

Ya wazee, nikamwambia.

“Langu limo?”

La redio limo.

“Mimi sina redio.”

Akageuza uso ukutani. Shingo ndiyo kitu pekee anachogeuza mwenyewe.

Jumapili, 6 Julai

Daniel, mwanangu, alisema angekuja kutoka Kijenge baada ya ibada. Hakuja. Nisilalamike. Baba yangu nilimwona mara mbili katika miaka yake saba ya mwisho, na mara moja nilikuwa napita tu na gari la serikali.

Harufu ya Naftali imezidi. Wenzetu wa vitanda vya mlangoni wamehamishia viti vyao nje, kwenye baridi.

Jumanne, 8 Julai

Mazoezi ya kupokea mgeni. Kina mama wamepangwa mstari, wimbo ule ule mara nane. Brayson amenunua shuka jekundu jipya, bado liko kwenye nailoni. Nimechaguliwa mimi nimvike mkaguzi, halafu baada ya chakula nitoe neno la shukrani. Nikamwuliza kwa nini mimi. “Babu una Kiswahili cha ofisini. Mkaguzi akikusikia anaridhika.”

Basi niandike. Nisipoandika leo nitazikwa nalo.

Mwaka 1994, mwezi wa kumi. Nyumba ya wazee ambayo sasa haipo. Nilifika na dereva, wakanivika shuka, wakanipa rungu, wakaniita mzee wao nami nina miaka arobaini na sita. Anayevishwa shuka si mgeni tena, ni wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hapekui nyumba yake mbele ya watu. Hivyo nilijiambia. Ukweli ni kwamba nyama ilikuwa imeiva.

Nikiwa nakula nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya jiko. Haikuwa kubwa. “Nigeuzeni. Jamani, nigeuzeni.” Nikauliza ni nani. Wakasema ah, huyo kichwa hakiko sawa, huita hivyo hata akiwa amegeuzwa. Nikaendelea kutafuna. Akaita tena, labda mara nne. Nikajaza fomu shuka likiwa bado begani. Hali ya wagonjwa wa kitandani: inaridhisha. Nikapiga mhuri.

Wiki tatu baadaye orodha ya waliofariki ilipita mezani kwangu. Agnela, miaka sabini na moja, vidonda vya kulala. Niliisoma, nikaiweka kwenye jalada, nikafunga jalada vizuri. Nilistaafu na cheti cha utumishi bora. Mke wangu alikitundika sebuleni. Hakuwahi kujua.

Wakubwa wangu nimewadharau, wenye nyumba nimewadharau, huyu Brayson na nailoni yake namdharau. Lakini shule ya kumdanganya mkaguzi tuliifungua sisi wakaguzi.

Jumatano, 9 Julai

Wamemhamisha Naftali. Kwenye stoo ya mkaa, nyuma ya jiko. Godoro juu ya magunia, blanketi mbili, mlango una komeo la nje. Kitanda chake kimetandikwa shuka jeupe, na juu yake mdoli! Nani aliwaambia wazee wanalala na midoli?

Simaloi alibisha. Nilimsikia koridoni.

“Matroni, huyu babu ana homa. Huko kuna baridi.”

“Ni kesho tu, mpaka mgeni aondoke. Harufu hiyo utaieleza wewe?”

“Basi apelekwe hospitali.”

“Wewe Simaloi unataka kazi au unataka mdomo? Chagua.”

Simaloi alinijia na beseni, akaanza kuniosha miguu. Hakuniangalia. Akasema babu, kesho watakusikiliza wewe. Mimi machoni pao ni wa kufagia. Na babu Naftali hamalizi wiki, jana alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

Nikamjibu: tutaona.

Tutaona! Jibu la ofisini. Akakausha miguu yangu kidole kimoja kimoja, akaondoka.

Alhamisi, 10 Julai, saa sita

Amefika. Afisa Elinaza, mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vya kamba. “Shikamoo baba.” Nikaitikia marahaba, nikamvika shuka. Nilikosea bega, nikaanza upya. Brayson akawaambia watu: “Mnaona babu yetu alivyofurahi!”

Nilitaka kumdharau nikashindwa. Alifungua mabomba, akanusa mashuka. Chati za kugeuza alizisoma moja moja. Akasimama kwenye kitanda chenye mdoli.

“Naftali yuko wapi?”

Matroni akasema ameenda Akheri kusalimia familia.

“Mtu anayegeuzwa kila saa mbili ameenda kusalimia?”

“Wamemfuata na gari, mama.”

Elinaza akanigeukia. Mimi, si mwingine. “Ni kweli, baba?”

Mlango wa mkono wangu wa kushoto unaelekea nyuma. Ningeunyooshea kidole tu, hata maneno yasingehitajika.

Nikasema: kweli.

Saa saba na nusu

Wanakula. Fomu husainiwa baada ya nyama, hilo halijabadilika tangu enzi zangu. Nilisema naenda msalani. Kutoka msalani mpaka stoo ni hatua thelathini na mbili, nilipumzika mara sita. Komeo liliniumiza kidole. Nimeketi kwenye gunia, daftari gotini.

Naftali midomo ina rangi ya jivu. Alifungua jicho moja.

“Umekuja kukagua?”

Nikamwambia nimekuja kukaa. Halafu nikamwambia yote: kwamba wamesema yuko Akheri, kwamba nimeulizwa na nikasema kweli.

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

“Akheri hawajambo? Migomba yangu umeiona?”

Nikaomba nimgeuze. Nikashika bega na kiuno kama nilivyoona Simaloi anashika. Nikavuta. Hakusogea hata kidogo, mimi ndiye niliyeanguka juu yake, tukabaki hivyo tunahema, wazee wawili juu ya mkaa. Miaka ishirini na sita nilikuwa naandika neno “kugeuza” kwenye fomu. Sikujua mtu ni mzito hivi.

Ana moto. Mkono wake kama jiwe la jikoni.

Sasa wananitafuta kwa neno la shukrani. Nasikia Brayson: yuko wapi Babu Gerson, mgeni ana haraka. Kina mama wameanza kuimba tena ili kuziba pengo. Wataimba mpaka lini? Bila mimi hawafungi shughuli. Mgeni hawezi kuondoka kabla hajashukuriwa. Hilo nililifikiria nikiwa naminya komeo, na ndiyo akili pekee niliyokuwa nayo leo.

Kandambili za Matroni. Nyuma yake viatu vingine, vizito. Wako jikoni.

“Huko ni stoo ya mkaa, mama, utachafua shuka.”

“Mlango mbona uko wazi?”

“Upepo. Hakuna mtu huko.”

Viatu vimesimama. Elinaza anaita. Haiti kwa nguvu. “Baba? Uko huko?”

Pumzi hazinitoshi. Si kweli, zinanitosha. Naandika kwamba ananiita. Anaita mara ya pili. Naandika na hilo.

Naftali amenishika kifundo cha mkono. Anasema weka kalamu chini, afisa. Itika.