Mtoto Analala kwa Wifi

Jumamosi, 16 Juni 1934. Shinyanga.

Sikulala tena. Idi halii, na hapo ndipo penye taabu. Angelia ningejua la kumfanyia. Anakodoa macho tu, anataka kuona kila kitu. Kibatari. Kivuli chake ukutani. Akichoka na kivuli ananigeukia mimi: kidole puani, kidole jichoni, anavuta kipini changu kama anang'oa msumari. Miezi kumi tu huyu. Alfajiri alisinzia. Jogoo akawika, akafumbua macho, akacheka.

Baba yake yuko Nyarugusu anawauzia nguo wachimba dhahabu. Yeye analala.

Alhamisi, 21 Juni

Jana alifika Wifi Kabula, dada yake mume wangu, kutoka Kishapu. Mume wangu ndiye aliyempelekea salamu aje anisaidie. Ni mjane. Alizaa mara mbili na mara mbili alizika. Kaja na kibuyu cha maziwa na karanga. Nikampa shikamoo, akaitika huku macho yako kwa mtoto.

Usiku alimchukua chumbani kwake. Nililala mpaka jua likanipiga usoni. Alhamdulillahi.

Jumapili, 24 Juni

Nalala kila usiku. Mwili umepata nguvu, moyo umeharibika.

Kwa nini kwake analala? Anamfunga mgongoni, anazunguka uani akiimba Kisukuma chake, na mtoto kimya kabla hawajafika jikoni. Mimi nimeimba mpaka koo limekauka. Leo nilijaribu kama yeye. Kanga yake, wimbo wake kadiri nilivyoukamata. Idi akanyoosha shingo kumtafuta mwenye wimbo.

Nina wivu. Namwonea wivu mwanamke aliyezika watoto wawili. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 29 Juni

Amesema neno.

Asubuhi uani, Wifi anapepeta mtama. Idi anamfukuza kuku kwa magoti. Kuku akaruka ukuta. Idi akashangaa, akamgeukia Wifi kumwonyesha, akasema, "Mayu."

Mama, kwa lugha yao. Wazi kabisa.

Wifi akajifanya hakusikia, akainamia ungo. Lakini niliiona midomo yake ikizuia tabasamu.

"Hajui asemalo," nikamwambia.

"Hajui," akaitikia upesi.

Miezi tisa tumboni, miezi kumi mgongoni, na neno la kwanza kampa mwingine. Usiku huu analala kwangu.

Jumatatu, 2 Julai

Tangu Ijumaa simwachii. Yeye halali, mimi silali. Wifi ananitazama tu.

Leo nilisinzia nimechuchumaa, mwiko mkononi, uji jikoni. Nilizinduliwa na kelele. Wifi alikuwa amemdaka Idi, mkono tayari juu ya sufuria. Mtoto alitaka kuona kinachotokota. Hakuungua. Wifi akampangusa majivu usoni, akanirudishia, akaenda zake kisimani.

Nilipaswa kumshukuru. Nilimchukia. Angenitukana, ningepumua.

Alhamisi, 5 Julai

Baba Idi amerudi. Kaleta sukari na kanga mbili, moja yangu, moja ya dada yake. Sawasawa, bila tofauti hata ya ua moja. Idi hakumtambua baba yake, akajificha kwa Wifi. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Baada ya chakula akaniita ndani.

"Mama Idi, umekonda."

"Sijalala."

"Dada hana mtoto, na huyu amemzoea. Akamlee Kishapu mpaka akue kidogo."

"Bado ananyonya."

"Ng'ombe wapo. Na wewe utazaa mwingine."

Nje kinu alichotwangia Wifi kilikuwa kinalia. Kikanyamaza.

"Simtoi," nikasema.

"Si kumtoa. Kule ni kwao."

"Baba Idi, ukimpeleka yeye Kishapu, nipeleke na mimi kwa baba yangu Tabora, wala usinifuate."

Sijawahi kusema naye hivyo. Hata sasa maandishi yenyewe mabaya.

Ijumaa, 6 Julai

Wifi ameondoka. Hakuna aliyemfukuza. Nilimkuta anakunja mkeka.

"Sikuomba mimi, Mama Idi. Kaka yangu kayasema mwenyewe."

"Lakini angekupa, ungempokea?"

Akaufunga mkeka kwanza, akakaza fundo.

"Ningempokea. Ningeondoka naye siku ileile."

Afadhali hakunidanganya. Akamnusa Idi utosini. Akaniambia, mtoto akitaka kutazama kitu usiku nisimkatalie, nimpe akishike mpaka achoke. Kisha akapanda lori lililokuwa linakwenda Kishapu kuchukua pamba. Idi alimnyooshea mikono. Nilimbana kifuani mpaka vumbi likatulia.

Nimeshinda.

Jumapili, 8 Julai

Analia kutwa. Anatambaa mpaka mlango wa chumba alicholala Wifi, anaupiga kwa kiganja. "Mayu. Mayu." Baba Idi anakula bila kuinua uso.

Kumbe anajua kumlilia mtu. Najiuliza kama angenililia mimi hivi. Wifi kaondoka na bado namwonea wivu.

Jumamosi, 14 Julai

Nyumba imetulia. Baba Idi kesha kurudi Nyarugusu, aliniaga vizuri. Usiku nilimpa Idi kifuniko cha birika. Alikigeuza, akakilamba, akakigonga, akalala nacho. Na mimi nikalala.

Leo amepita mbele ya mlango ule akifuata mdudu. Hakugeuka hata kutazama. Jina halitaji tena. Nilidhani nitafurahi.

Alasiri kaja mama mmoja wa Kishapu, jirani yake Wifi, anauza vyungu mjini. Nikampa maji kwa kata. Akasema, "Kabula anauliza mtoto hajambo. Anauliza kama bado anamkumbuka."

Idi alikuwa keshapanda mapajani mwa yule mgeni, anachokonoa kikapu chake, anacheka naye kama wamezaliwa nyumba moja.

"Mwambie anamlilia kila siku," nikasema.

Yule mama akamtazama Idi. Akanitazama mimi.

"Nitamwambia," akasema, akanirudishia kata.