Bakora Mlangoni

Jumapili, 5 Oktoba

Nimechelewa tena. Kituo kile kile cha Bawshar, hapa Maskati, mbele ya nyumba yenye geti la kijani. Mzee yule yule. Kapandisha mguu mmoja, bakora kaiweka katikati ya mlango, halafu akaanza. Sabalkheri. Nimeamkaje. Mama hajambo. Mlango wa basi ukigusa kitu unafunguka wenyewe, na ukiwa wazi basi haliendi, ndivyo lilivyotengenezwa. Kwa hiyo mimi dereva nakaa. Mkewe ndiyo kwanza anatoka getini, anavuka njia kama anayepima kiwanja.

Mzee Seif na Bi Zuwena. Wanashuka hospitali. Basi zima sasa linawajua.

Muda wangu wa majaribio kazini unakwisha mwisho wa mwezi. Nikiendelea kuchelewa sithibitishwi. Naitaka kazi hii. Nimeitaka tangu nilipokuwa mdogo, watu wakinicheka, mtoto wa kike na basi.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo kaniuliza ukoo. Baba yangu nani, babu yangu nani, Unguja walikaa mtaa gani. Nikijibu moja, linazaa jengine. Mimi natazama saa, yeye anatazama geti lake. Hapo ndipo nilipomshtukia. Anajua vizuri kwamba mtu aliyelelewa hawezi kumfungia mlango mtu mzima aliye katikati ya kumuulizia mama yake. Ananikamata kwa adabu yangu mwenyewe! Nilikasirika.

Wambui hukaa kiti cha mbele. Mkenya, anafanya kazi mkahawani Matrah. Kaniinamia: "Dada, mudiri amesema nikilate tena ananifuta. Aki si ufunge tu huo mlango."

Nikamwonesha bakora kwa kidole.

Jumatano, 8 Oktoba

Mzee hakuwepo. Matrah kwa wakati. Nimekunywa chai yangu ya maziwa nikiwa nimekaa, si kwa kuungua ulimi.

Nimegundua. Ni Jumapili, Jumanne na Alhamisi tu. Siku nyengine mimi ni dereva mzuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilijaribu kumkatiza. Nikasema, "Mzee, tafadhali, watu wana kazi zao." Akaniambia, "Kweli kabisa, mwanangu, Mungu akubariki," kisha akauliza hali ya ndugu zangu, mmoja mmoja. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba vijana wa siku hizi hawana haya. Mimi ndiye sina haya!

Msimamizi kaniita ofisini. Anataka sababu. Nikasema abiria wanashikilia mlango. Akasema kwa Kiarabu, bila kuniangalia, kwamba mlango ni wangu, si wa abiria.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chakula cha mchana kwa Mama. Nimemsimulia yote nikidhani atanionea huruma. Kampenda mzee bila kumjua. Shauri lake: nimjibu yote kwa pamoja. Sote wazima, alhamdulillahi, tuombee. Halafu niondoke zangu.

Nitajaribu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nikajibu kama alivyonifunza Mama. Mzee akafikiri, akauliza bibi yangu mzaa mama yuko wapi. Nikasema kafariki. Akainua mikono, akaanza kumwombea dua.

Nani atafunga mlango katikati ya dua? Basi zima likaitikia amina. Bi Zuwena akafika, akapanda.

Onyo la mwisho limekuja mchana. Nikichelewa tena siendeshi. Usingizi sitaupata.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefunga.

Alipoanza sabalkheri nikabonyeza. Mlango ukaibana bakora, ukafunguka. Nikabonyeza tena. Ukaibana, ukafunguka. Sikutaka kushindwa. Nikabonyeza tena na tena, bakora ikavunjika, kipande kikaingia chini ya mlango, na mlango ukagoma ukiwa nusu wazi. Haufungiki, haufunguki. Basi halitoki. Watu wote wakashuka juani kungoja basi jengine.

Bi Zuwena akafika wakati huo. Alipoona watu wamejipanga ukutani, wengine wanajipepea kwa mikoba, uso ukamshuka. Akamwendea kila mtu. "Nisamehe, nimekuchelewesha." Mpaka Wambui, aliyekuwa analia kwa hasira. Mzee akasimamisha teksi, akamwingiza mkewe humo karibu kwa nguvu. Mkononi kabakia na nusu ya bakora.

Msimamizi kasema milango huharibika, mara hii hatanihesabia. Nimepona. Sina furaha, lakini nimepona.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hawakuwepo. Nimesimama, nimefungua, nimefunga. Kwa wakati. Wambui kahamishiwa kuosha masufuria, lakini hajafutwa.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 19 Oktoba

Hawakuwepo tena. Geti limefungwa. Najiambia wamepata gari la mtu.

Nimefika kila kituo kwa wakati na roho iko juu. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Jumanne, 21 Oktoba

Mzee alikuwa kituoni peke yake. Hana bakora. Hakupandisha mguu. Kasimama mbali kidogo na mlango, kama mtu anayeogopa kukanyaga zulia la watu.

Nilimsalimu mimi. Nikamuuliza Bi Zuwena hajambo.

Akanieleza, na safari hii hakutazama nyuma. Bi Zuwena figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki damu yake inasafishwa kwa mashine. Ameichoka. Kila asubuhi ya zamu yake husema leo haendi, wamwache apumzike. Mtoto wao yuko Salalah, humpigia simu akalia, haisaidii. Daktari hasaidii. Kilichokuwa kinamtoa kitandani ni kimoja tu. Mzee hutangulia kituoni, basi likionekana humpigia simu: "Zuwena, watu wanakungojea." Hapo hujitanda, akatoka. Kungojewa na watu hawezi kustahimili. Ndivyo alivyolelewa.

Nikamuuliza kwa nini asichukue teksi. "Mtu wa teksi analipwa kungoja," akasema. "Hamuonei haya."

Tangu siku ile ya mlango hajatoka. Anasema aliwaunguza watu wa watu juani, hatawafanyia tena. Alhamisi hakwenda. Jumapili hakwenda. Miguu imevimba, na jana kaanza kukosa pumzi. "N'mekuja kukuaga tu, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa kwa ile bakora."

Akarudi nyuma ili niweze kufunga.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kichwani nilimwona msimamizi, nikaona karatasi ya kuthibitishwa, nikamwona Mama akiwaonesha majirani. Nimeogopa kuliko siku yoyote niliyokaa nyuma ya usukani.

Nikavuta breki ya mkono, nikazima injini, nikashuka. Dereva haruhusiwi kuliacha basi na watu ndani. Hilo nalijua, ni la kwanza tulilofundishwa. Nikavuka njia, nikasukuma geti la kijani, nikagonga mlango wa ndani. Nyuma yangu nikasikia viatu. Wambui.

Bi Zuwena alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, kanga kajifunika usoni. Nikamwambia, "Bibi, mimi dereva. Watu wote wanakungojea wewe."

Akasema kutoka ndani ya kanga tuondoke, tusiwacheleweshe watu.

Wambui akapiga magoti pale chini, akamwita bibi kwa lugha ya kwao. "Shosho, hatuendi bila wewe. Mudiri akitaka anifute, hata mimi nimechoka na yeye."

Nilisikia anavyovuta pumzi kwa shida. Halafu akaifunua kanga, akatutazama, mmoja mmoja, kwa hasira za kweli. "Basi zima?" akauliza. "Na mmeliacha njiani?" Akataka buibui lake. Tukamshika huku na huku. Mpaka mlango wa basi alikuwa anatugombeza.

Yule mama aliyesema vijana hawana haya alimpisha kiti. Tulichelewa vibaya sana. Mlangoni mwa hospitali walimpokea kwa kiti cha magurudumu.

Jumatano, 22 Oktoba

Sikuthibitishwa.

Msimamizi hakupiga kelele, bora angepiga. Kaniambia mambo hayo angeyafanya hata yeye kwa mama yake, lakini basi si la mama yake. Kuanzia leo nipo yadi, zamu ya mchana. Nayapeleka mabasi matupu kuoshwa na kurudi. Labda mwakani waniangalie tena.

Nililia ndani ya gari langu, maegesho yakiwa yamejaa watu. Mzee Seif kapiga simu, sijui namba kaipata wapi. Bibi hajambo. Walimlaza jana, leo wamemruhusu. Kesho ni zamu yake, na anasema haendi.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mimi sina basi tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niliamka wakati ule ule wa zamu ya zamani, bila saa. Nikanywa chai. Asubuhi sina kazi.

Nikachukua gari langu mpaka Bawshar. Basi lilikuwa limeshapita, kwa wakati. Nikasimama mbele ya geti la kijani nikapiga honi, si kwa nguvu. Mzee akatoka, akaniona, akarudi ndani mbio mbio kwa kadiri anavyoweza. Nikamsikia: "Zuwena! Mtu anakungojea mlangoni, tena mgeni!"

Nikangoja. Kioo nimekishusha.

Bi Zuwena akatoka anafunga sheila kichwani, ananung'unika kwa nini sikuingia ndani nikanywa kahawa. Akakaa nyuma. Nikawasha gari. Lakini mlango hakuufunga, mguu wake mmoja ulikuwa bado nje, chini kabisa.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema. "Bwana anatafuta bakora yake mpya. Haya, nambie, mama hajambo?"

Nikazima gari. Nikamwambia mama hajambo.