Kidole Kimoja Kifuani

Jumatatu, 3 Machi

Darasa jipya la Kiingereza: Wachina sita, mafundi wa lifti. Watano wanashika haraka. Wa sita, fundi wao mkuu, ana usaili wa kupandishwa cheo Ijumaa, kwa Kiingereza, na "I" hana kabisa. Kila kitu "we". Asubuhi "we" waliamka, "we" walipiga mswaki, "we" wanaumwa jino. Jino moja, watu sita!

Nimemwambia cheo hakipewi kikosi. Kasema kwenye karakana yake anayesema mimi, mimi, ni mtu wa majivuno. Kazi ikienda vizuri, imefanywa na wote. Nikabuni dawa: akikosea nainua kidole kimoja, kisha najigusa kifuani. Leo nimeinua mara thelathini. Bega linauma. Langu, peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Nimeunguza birika jipya la Mkuu wa chuo. Ni la umeme, nami nikalibandika kwenye gesi — akili yote ilikuwa kwenye masomo ya fundi. Kitako kimeyeyuka chote. Nimelisukuma nyuma ya kabati, nikafungua dirisha, nikaenda kufundisha sentensi mpya: Mimi nimekosea. Mimi naomba radhi.

Nimefundisha vizuri mno, hata nimejishangaa.

Nilipotoka jikoni fundi alikuwa koridoni na daftari lake. Sijui alifika saa ngapi.

Jumatano, 5 Machi

Birika limeonekana. Mkuu kaliweka katikati ya meza ya walimu. Nani? Mwalimu wa hesabu kasema huenda liliungua lenyewe. Nikaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu.

Mkuu kasema ufunguo wa jiko anao Mama Usafi, basi mkosaji anajulikana. Mama wa watu kalia, kaapa. Kapewa hadi Ijumaa akiri, la sivyo kazi hana. Mama Usafi huyu huyu anayenifichia kiti kizima kila mkutano! Nilitaka kusema. Badala yake nikachukua chaki, nikaenda darasani.

Mganga hajigangi. Naona aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi ya mwisho. Fundi katoa "I" nane, "we" hakuna hata moja! Halafu, bila kuulizwa, kasema kwa Kiingereza safi kwamba yeye ndiye aliyeunguza birika. Nikapiga makofi. Niliendelea kupiga mpaka maana ikanifikia.

Nikamtoa nje. Kumbe siku ile aliniona. Na kesho anakwenda kumwambia Mkuu ni yeye. Nikamwuliza, una wazimu? Barua yako ya usaili anaisaini Mkuu! Kasema kwake sifa ni za wote, lakini lawama hubebwa na mmoja, tena mkubwa wao. Na humu chuoni mwenye umri mkubwa ni yeye.

Nimemwambia asithubutu. Nitasema mwenyewe. Haki ya Mungu, kesho nasema.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika chini ya meza. Mkuu kapigiwa simu, mkutano umesimama.

Ilikuwa hivi. Mama Usafi kasimamishwa mbele na ndoo yake. Nikajiambia, sasa. Nikajiambia tena. Mlango ukagongwa: fundi, tai shingoni, usaili saa tano. Kaingia, kavuta pumzi, kasema, "I..."

Barua yake iko mbele ya Mkuu, haijasainiwa!

Nikaruka: Ngoja! Wote wakanigeukia. Nikasema:

"Mkuu, sisi walimu... wakati mwingine... huwa tunajisahau..."

Fundi akainua kidole kimoja. Akajigusa kifuani. Taratibu, vile vile ninavyomfanyia.

Mama Usafi, ambaye Kiingereza hajui hata neno, akanitazama mimi, akalitazama birika, akaiweka ndoo chini. Naye akainua chake.

Ndipo simu ikalia. Ahsante, simu! Mkuu anaongea dirishani: ndiyo, ndiyo, haya. Mwalimu wa hesabu ananong'ona kwamba kikao kimeisha, twende zetu. Siendi.

Kakata simu. Kaishika kalamu, kaniangalia mimi.

"Enhe, mwalimu. Hao sisi ni akina nani?"

Vidole viwili bado viko juu. Nafunga daftari, nasimama, na kidole changu nakipeleka kifuani.