Televisheni ya Mama Haitoki Sebuleni

Kahororo,
Bukoba.
12 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Rugambwa,

Pokea salamu kutoka Kahororo, ambako mvua inanyesha tangu asubuhi nami nimekaa na kikombe cha chai nikisubiri ikatike. Habari za Mtwara? Georgina hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kifua chake kimepona? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda mlima, lakini mdomo hauna tatizo, kama utakavyoona hapa chini.

Mama naye hajambo. Nilikuwa kwake Kamachumu Jumamosi na Jumapili. Anakula, presha imeshuka, anatembea na fimbo yake mpaka mwisho wa migomba na kurudi. Jicho la kulia limefifia, lakini la kushoto linamwona kila anayekata njia uani bila kusalimia. Senene wameanza kuanguka. Amekuwekea kopo lako, wamekaangwa wakakauka vizuri, na amemkataza kila mtu kuligusa, nikiwemo mimi.

Naandika barua kwa sababu Alhamisi ulinikatia simu. Ulisema ni mtandao. Huo mtandao wa Mtwara una tabia ya kukatika kila ninapofika kwenye hoja. Na katika kundi letu la simu sitaandika tena, maana kule nikitoa hoja Joanitha ananijibu kwa picha ya mikono inayosali. Mimi dada yake nimezoea kujibiwa kwa maneno.

Sasa tuje kwenye televisheni.

Iliharibika mwezi wa tisa, Jumapili, katikati ya misa. Picha ilijikunja juu na chini ikabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, sauti ikaendelea kama kawaida. Mama alikuwa na jirani yake Alistidia na wanawake wengine wa jumuiya, wale ambao miguu yao haiwafikishi tena parokiani. Hawakuizima. Alistidia alisema, “Padri leo amelala, tumsikilize hivyo hivyo,” na wakasikiliza misa mpaka baraka ya mwisho huku wakiutazama ule mstari.

Mama alimwambia Joanitha, Joanitha akaandika kwenye kundi, na kabla chai yangu haijapoa mlikuwa mmeshaamua. Inunuliwe flati ya inchi hamsini na tano. Joanitha aliandika kwamba ni aibu televisheni yenye kichogo kukaa katika nyumba ambayo mrithi wake ni injinia. Wewe ukafunga mjadala, ukaandika “kama musika” na kuweka nukta. Tangu siku ya kuanua matanga ya baba yetu, Tata, wazee walipokutaja kuwa musika wake, mrithi mkuu, sijakuona ukiandika sentensi tatu bila neno hilo.

Niliuliza swali moja tu: Mama amesemaje? Ukanijibu, “Dada, mambo madogo kama haya tusimsumbue Mama.”

Jibu hilo sijalimeza hadi leo. Ni mama aliyetuzaa sisi sote, ana akili zake timamu, na anajua ni mgomba upi uliopandwa mwaka upi. Kama jambo dogo la sebuleni kwake haliamui, lipi kubwa mtamwachia? Nimesoma sana juu ya watu waliohamishwa, waliopangiwa, waliosemewa, na kila mara yule aliyewasemea alianza kwa kuwapunguzia usumbufu.

Hata hivyo, wakati ule nilidhani ugomvi wetu ni wa televisheni. Aliyenifumbua macho ni Bhavik.

Nilikwenda dukani kwake mjini kununua waya wa umeme. Unajua alivyo, yule mjukuu wa mzee Laxmidas, mkarimu na hajui kuficha jambo. Akaniambia kwa furaha, “Mwalimu, mzigo wa Injinia uko tayari, umekaa hapo nyuma. Fundi wangu alishafika Kamachumu kupima. Ukuta wa nyumba ya bibi haufai, ukitoboa tu udongo unamwagika.”

“Basi itawekwa mezani.”

“Hapana, itapigwa ukutani kwenye nyumba kubwa ya Injinia, palepale uwanjani. Si bibi anahamia kule kabla ya Krismasi? Injinia amesema ile ya zamani inavunjwa, magari yapate pa kugeuzia.”

“Bibi anahamia. Na bibi mwenyewe anajua?”

Bhavik alivua miwani akaanza kuifuta. “Mwalimu, mimi nauza televisheni tu.”

Nilisimama pale na waya wangu mkononi nikaona mpango wote. Kwanza flati. Flati inahitaji ukuta, ukuta uko kwenye nyumba yako, basi Mama aifuate flati ukutani. Akishahama, nani atatetea nyumba isiyo na mtu? Umejenga hoja yako kama injinia, tofali juu ya tofali, na ungefanikiwa kama usingemtumia Bhavik, ambaye hajawahi kutunza siri tangu azaliwe.

Niseme ninachokijua juu ya nyumba yako kubwa. Ni nzuri, sikatai. Ina vigae, ina vyumba sita, na inafunguliwa Desemba, inafungwa Januari, kama nyumba nyingine zote kubwa mlizozijenga nyumbani ninyi mnaoishi mbali. Krismasi iliyopita Mama aliteleza kwenye vigae hivyo, mkamdaka. Alistidia aliingia mara moja, akavua ndala mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akaaga kabla ya chai. Hajarudi. Lakini kwa Mama anaingilia mlango wa jikoni bila hodi, akiwa na kahawa ya kutafuna kwenye kona ya khanga, na nyuma yake wanaingia wengine. Televisheni ile ndiyo iliyowazoesha kuja. Tangu iharibike wakawa wanakuja mmoja mmoja, kisha wakapungua, na mara mbili nilimkuta Mama ameifunika sufuria kwa sahani, hajala, ananiambia hana wa kula naye. Wewe ulitaka kumpa inchi hamsini na tano azitazame peke yake, kwenye kochi ambako hawezi kuinuka bila kushikwa mkono.

Usinisingizie kwamba nachukia vitu vipya. Mimi mwenyewe nina flati hapa ninapoandika. Kama ile ya Mama ingekufa kabisa, ningemnunulia nyingine nami ningeiweka mezani, palepale, mbele ya wanawake walewale. Ninachokataa ni zawadi inayokuja na notisi ya kuhama.

Kwa hiyo sikungoja kura. Nilipanda gari, nikaenda Kamachumu, nikamwomba kijana wa pikapu ya ndizi aichukue televisheni ya Mama. Mama alishusha kutoka juu yake sanamu ya Bikira Maria na picha ya Tata, akavipakata mapajani, nasi tukaifunga televisheni kwenye blanketi lake. Nikaipeleka Kagondo kwa fundi.

Fundi alicheka. “Mwalimu, hii si ungefugia kuku?”

“Kuku wangu wana banda. Fungua.”

Alifungua. Vumbi, mende, na harufu ya kuungua. Akasema kifaa kinachoitanua picha juu na chini kimekufa, na kapasita kadhaa zimevimba. Spea atazitoa kwenye mzoga mwingine alionao. Lakini asinidanganye, hawezi kuahidi kwamba itadumu. Nikamwambia simwombi ahadi, naomba misa ya Jumapili. Alifanya kazi mpaka jioni, na ule mstari ukafunguka ukawa mtu anayesoma habari, sura imeiva kidogo upande wa kushoto, lakini ni mtu. Joanitha ameniandikia kwamba nimefufua maiti. Basi maiti hiyo inashika chaneli zote za king'amuzi.

Jumamosi niliirudisha. Na kwa kuwa mimi siendi kwa siri, nilimweleza Mama yote, ya flati, ya ukuta, ya kuhama, ya magari yanayotaka pa kugeuzia. Alistidia alikuwepo, anamenya ndizi. Mama akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

“Rugambwa anadhani nani alinunua televisheni hii?”

Nikamwambia sote tunajua ni Tata. Ndiyo maana wewe, kama musika, unaihesabu kuwa yako kuiamulia, sawa na kahawa na migomba.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Alistidia akaweka kisu chini. “Ildefons? Baba yenu alisema televisheni ni ya walevi wa vilabuni.”

Hapo ndipo niliposikia habari ambayo sisi watoto wote watano hatukuwahi kuambiwa. Tata alikataa kabisa kuinunua. Mama akachukua jembe akaenda rweya, kule kwenye nyika ya majani nje ya migomba, akafungua musiri wake, shamba la njugumawe kama wanawake wote wa umri wake. Alistidia na wenzake walimsaidia kupalilia. Kila msimu aliteremsha magunia yake mjini kwa mzee Laxmidas, akalipia kidogo kidogo, na mke wa mzee, Gangaben, akaiweka televisheni pembeni, akaifunika khanga. Mwalimu mkuu mmoja alipoitaka, Gangaben alimjibu kwa Kihaya safi kuliko cha wanao huko Mtwara, kwamba hiyo ina mwenyewe na bado analima.

“Baba yenu aliikuta inawaka,” Mama akasema. “Akakaa. Hakutamka neno mpaka taarifa ya habari ilipokwisha. Halafu akauliza kesho inaanza saa ngapi.”

“Na baadaye akawaambia wageni kwamba kainunua yeye,” Alistidia akaongeza.

“Nilimwachia. Mwanamume naye apate la kusema mbele ya wageni.”

Sasa, mheshimiwa musika, tuongee mila, maana unaipenda. Kibanja, lile shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ni chako. Kahawa ni yako. Lakini alicholima mwanamke rweya ni chake, na hata Tata, kwa ukali wake wote, hakuwahi kumuuliza Mama njugu zimekwenda wapi. Waulize wazee haohao waliokukalisha kwenye kiti. Kwa mila hiyohiyo unayoishika kama fimbo, huna mamlaka ya kuihamisha televisheni ile kutoka mezani mpaka kwenye kigoda. Unajua mimi na mila hatupatani tangu kile kikao cha ukoo nilichoambiwa kwamba mabinti husikiliza. Leo nimeiazima kwako. Nikimaliza nitakurudishia, tuendelee kugombana nayo.

Najua utakachojibu. Utasema televisheni ni ya Mama, sawa, lakini nyumba imesimama kwenye kibanja. Nami nilimwambia Mama kwamba hapo utatushinda kwa mila na huenda tukalazimika kukupeleka kwenye baraza. Akasema hataki baraza. Akanituma nikuandikie maneno yake, nami nayaandika kama alivyoyatamka, sikuongeza langu hata moja, na unajua hilo limenigharimu kiasi gani:

“Mwambie mwanangu nyumba ni yake na ardhi ni yake, sibishani naye. Lakini mimi nimo ndani. Akitaka kuivunja asitume fundi. Aje mwenyewe, mchana, anishike mkono huu anitoe nje, na Alistidia na wenzake wawe wamekaa wanatazama.”

Baada ya hapo aliniambia niwashe televisheni, maana wenzake walikuwa wameanza kuingia kwa mlango wa jikoni. Walikuwa saba. Nilikosa kiti, nikakaa kwenye gunia.

Flati yako iko salama kwa Bhavik kwa jina lako. Ukija Desemba ipige kwenye ukuta wako, uwaalike watu, nami nitakuja kuitazama bila kinyongo. Mimi nitakuwa Kamachumu kabla yako. Nitalala chumba cha Mama, kitanda cha pili, na nitabaki pale mpaka mtakapofunga milango ya nyumba kubwa na kuondoka. Ukija na nondo utanikuta. Ukija na kilo ya sukari na muda wa kukaa, utanikuta vilevile, na nitakuwekea maji ya kuoga.

Nisalimie sana Georgina, mwambie kitenge alichonitumia nimeshakishona. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Alistidia anakusalimu, anasema bado anakumbuka alivyokubeba mgongoni ukimlilia mama aliyekuwa rweya akilima. Gangaben naye nilimpitia. Haoni vizuri siku hizi, lakini alimtaja Mama kwa jina, akauliza kama “ile mashine ya Ephrasia” inafanya kazi, nikamwambia inafanya.

Mungu akulinde katika kazi zako huko Mtwara, akufikishe salama nyumbani, na akupe ujasiri wa kumtazama mama yako usoni na kumuuliza anataka nini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika, na leo nimekasirika kweli,

Edvina