Kichaka na Ua wa Mama

Shambani, karibu na Eldoret. Alhamisi. Mvua imekatika tangu alfajiri na jua limeshinda likiumiza macho. Moyo wangu mchungu kama shubiri.

Leo plau zimepita kwenye ua wa Mama.

Mimi ni karani, kazi yangu ni maneno, kwa hiyo niyaandike sawasawa. Kichaka ni miti midogo iliyojiotea, haina mwenyewe. Ua nao ni miti midogo, pengine ile ile, yenye miiba ile ile, lakini kuna mkono ulioipanda. Penye ua pana mtu.

Wiki iliyopita ofisa wa serikali alikuja kukagua mteremko ambao Kaburu, mwajiri wangu, anautaka kwa ngano. Kama palikuwa na boma la watu kabla ya shamba, ungeachwa. Nyumba yetu ilianguka baada ya Baba kufa. Kilichobaki ni ule ua. Mama hajui Kiswahili, akaeleza kwa Kinandi kwamba aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa, kila mche hatua moja toka kwa mwenzake. Ofisa akanigeukia, akauliza hiyo ni nini. Kaburu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni kichaka, Bwana," nikasema.

Akaandika. Mama akanitazama, akidhani nimesema aliyoyasema.

Kutwa nzima nimejitetea: ningefukuzwa kazi, tungelala wapi, na mambo kama hayo. Niliogopa, basi. Misheni walinifundisha kusoma, na mtu wa kwanza kuumizwa na kusoma kwangu ni mama yangu.

Asubuhi hii mchunga ng'ombe mmoja anayejua Kiswahili, aliyekuwepo siku ile, alimweleza Mama nilichosema. Mama hakupiga kelele. Alisimama akitazama maksai wakivuta, kisha akaniambia, "Kichaka hakiachi mlango wa ng'ombe."

Kweli pengo la mlango lilikuwepo, pana kabisa. Ofisa alisimama mle mle akiandika.

Jioni nimemkuta nyuma ya kibanda chetu cha wafanyakazi, akichomeka vijiti alivyookota nyuma ya plau. Ameacha pengo. Hakuinua uso.

"Na huu utawaambia ni nini?"

Kesho nitatembea mpaka mjini, kwa yule ofisa, nikaseme lile neno la pili: ua. Limechelewa, na bado ninaliogopa.