Baba Yoshimitsu, Kozue Amepimwa Tena

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache na vilima vyako vya machenza hapa mkoani Ehime. Bado tunakisikia kikohozi chako cha alfajiri, kile ulichokohoa makusudi ili walalaji waone aibu.

Hukuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa machenza hukunyamaza. Majira ya baridi tulikaa na blanketi miguuni, tukimenya mpaka viganja vikawa manjano, nawe ukavikagua kwa fahari kimoja kimoja. Ndiyo maana binti yangu Kozue alipogeuka manjano, akiwa na miaka minne, ulicheka. "Mwacheni mtoto, ndiyo rangi ya kwetu. Akiwa mweupe majirani watadhani nimefilisika."

Sote tukacheka nawe. Kisha tumbo likaanza kumuuma, choo kikawa cheupe kama chokaa, tukamkimbiza hospitali.

Daktari Kuwabara alipompima tumbo kwa ultrasaundi, ulisimama pembeni, kofia mkononi. "Nimemlisha sumu mjukuu wangu," ulisema.

"Mzee, machenza yanapaka viganja tu, hayagusi macho. Hebu mtazame macho, nayo yamegeuka manjano," akakujibu yule mama daktari. "Mrija wake wa nyongo umevimba, umekuwa kama kibofu. Kazaliwa nao hivyo. Tukiuacha, baadaye unaweza kumletea saratani. Kwa hiyo tunautoa, halafu utumbo tunauunganisha na mrija unaotoka kwenye ini."

"Ataishi?"

"Nipe mpaka jioni, mzee wangu."

Jioni akatoka chumba cha upasuaji, akasema wamemaliza salama. Wewe uliyetufundisha kutolia mbele za watu ulikaa chini palepale koridoni, ukalia bila kujificha. Halafu ukamuuliza, "Na machenza, anaruhusiwa?"

"Akipona, ale mpaka umfukuze shambani."

Tulikupenda sana siku ile, Baba. Tangu hapo, kila mwaka Kozue alipokwenda kupimwa, shamba halikukuona. Ulikaa mlangoni mpaka gari lirudi, na ukiulizwa ulisema unatengeneza kiatu.

Mwezi huu amepimwa tena, bila wewe. Ini safi, nyongo inapita vizuri. Tumerudi tukiwa wepesi, na Kozue, mwanamwali wa miaka kumi na tisa sasa, hakuvua hata koti. Alipiga magoti mbele ya picha yako.

"Babu, niko mzima. Toka hapo mlangoni, ukapumzike."

Tunaokukumbuka ni mkeo Fusae, mimi mwanao Chizuru, mkweo Genta na mjukuu wako Kozue. Hutoki mioyoni mwetu, Baba, siku zote.